Kilo 2.4: nani aulizwe?

Mtoto akizaliwa na kilo 2.4 kule Njombe au Mufindi, wa kwanza kuulizwa ni mama: "Ulikuwa huli?" Chini ya kilo 2.5 ni uzito pungufu. Ila mzani hausemi kama mtoto ni njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au alitimiza miezi yake lakini hakukua vizuri tumboni. Mama asipokumbuka hedhi yake ya mwisho, hata muuguzi anabaki kukisia.

Wanaoanza na chakula wana hoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa Iringa, mkoa unaolima mahindi hadi ya kuuza, takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala limejaa, mayai yanakwenda gulioni. Mama mwenye upungufu wa damu anahitaji kuanza kliniki mapema na kumeza vidonge vya kuongeza damu, hilo halina ubishi. Ulanzi nao, pombe ya mianzi, tusiuonee haya: msimu wake ukifika, mjamzito naye hukaribishwa kikombe, na pombe hiyo humfikia mtoto.

Lakini mimi naona jembe limesahaulika. Msimu wa kulima haujui mimba ina miezi mingapi. Mjamzito wa miezi saba analima, anabeba kuni, kisha anapuliza moto wa mafiga jikoni kusikotoka moshi. Kazi nzito na moshi vyote vimehusishwa na watoto wadogo. Kumwambia ale zaidi huku kazi ziko palepale ni kuchota maji kwa pakacha, na mume aliyekaa nje ya wodi hakuna anayemuuliza chochote.

Mahali nako kuna neno lake. Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa, malaria hushambulia kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, hivyo vidonge vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, vina uzito wa pekee. Makete kwenye baridi, mbu si adui mkubwa hivyo.

Na kujifungua kwenyewe? Upasuaji haumpunguzi mtoto gramu. Kinachompunguza ni kutolewa kabla ya wakati, ingawa kifafa cha mimba mara nyingine hakiachi nafasi ya kusubiri. Kitovu kikicheleweshwa kukatwa dakika moja hadi tatu, damu ya kondo humwingia na uzito huongezeka kidogo.

Halafu kuna kitenge. Gramu mia za kile alichofungiwa mtoto akipimwa zinatosha kumvusha upande wa pili wa mstari wa kilo 2.5, na mama asiulizwe kitu.