Mechi 10 alizokosa Luke Kuechly

Wanapotajwa malainibeka bora (walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele) wa futiboli ya Kimarekani katika karne hii, jina la Luke Kuechly halikosi, na nyuma yake haikosi "lakini". Lakini aliondoka mapema. Lakini misimu 8 ni michache. Lakini alikuwa na miaka 28, mwili mzima, mkataba mkononi. Nimeisikia hiyo "lakini" kwa miaka sasa na naona haimtendei haki. Hesabu za mchezaji huyu, ukizisoma kwa utulivu, zinaeleza zenyewe kwa nini alitundika daluga Januari 14, 2020.

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Klabu ya Carolina Panthers ilimchukua akiwa chaguo la 9 klabu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2012, akitokea Boston College. Msimu wa kwanza akatajwa mlinzi chipukizi bora wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, wa pili akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Hakuna msimu aliowaangusha wapinzani chini ya mara 100. Na huo wa mwisho, wa 2019, alicheza mechi zote 16 akaangusha mara 144, kiwango ambacho hakuwa amekifikia tangu 2014. Mtu aliyekwisha hamalizi ligi hivyo. Ongeza kwamba mwaka huohuo wa 2012 Seattle walimchukua Bobby Wagner, lainibeka mwenzake, akiwa chaguo la 47, na mwaka 2024 Wagner alikuwa bado uwanjani. Shabiki wa Panthers akiwaweka wawili hao sambamba, roho lazima imuume. Klabu nayo iliachwa pabaya: kocha Ron Rivera alikuwa ametimuliwa Desemba, Matt Rhule ndiyo kwanza ameingia, timu inasukwa upya, mara nguzo ya ulinzi inaaga. Mkataba wake wa miaka 5 wa dola milioni 62, aliousaini 2015, ulikuwa bado haujaisha.

Wapo pia wanaokwenda mbali zaidi na kuugusa utafiti wenyewe wa madhara ya mchezo huu kwa ubongo. Ule wa Chuo Kikuu cha Boston uliotoka 2017, uliokuta CTE, ugonjwa wa kuharibika ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, kwenye bongo 110 kati ya 111 za waliowahi kucheza NFL, ulitumia bongo zilizotolewa na familia, na nyingi ya familia hizo zilikwishaona ndugu yao akibadilika. Huwezi kuchukua namba hiyo ukaigawa kwa wachezaji wote. Kuna utafiti mwingine, wa taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, uliotoka 2012 na kufuatilia wachezaji 3,439 waliocheza kati ya 1959 na 1988. Ulikuta kwamba kwa jumla walikuwa wakifa kidogo kuliko wanaume wengine wa umri wao. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na anayeitoa anastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu limo ndani ya utafiti huohuo. Vifo vinavyotokana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa mara 3 ya kiwango cha kawaida. Moyo unadumu, miguu inadumu, kinachotangulia kuondoka ni kichwa.

Sasa nije kwenye namba inayoninyima raha. Misimu 8 ya mechi 16 ni mechi 128. Kuechly alicheza 118. Alikosa 10 tu, na kwa mtu anayeishi kwa kugongana na wenzake hizo ni chache mno. Goti halikumweka nje, wala kifundo, wala msuli wa paja. Ila zichukue hizo 10 uzipange: 3 za mwaka 2015, baada ya kutikisika ubongo kwenye mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Jacksonville. 6 za 2016. 1 ya 2017, baada ya mechi na Philadelphia. Tatu, sita, moja. Zote ni kichwa. Tena katika zile 6, madaktari walikuwa wamesharuhusu arudi kabla msimu haujaisha, klabu ndiyo iliyoamua abaki nje kwa kuwa hapakuwa na la kugombania. Anayesema Kuechly aliondoka na mwili mzima, basi, hajakosea, mradi aongeze: kuanzia shingoni kushuka chini.

Ya 2016 niitazame kwa karibu. Ni Novemba 17, Charlotte, robo ya mwisho dhidi ya New Orleans Saints. Kuechly anakwenda kumzuia Tim Hightower, wanagongana, na safari hii hainuki. Kamera inamfuata. Ameketi kwenye nyasi, kifua kinapanda na kushuka kwa pumzi fupifupi, machozi yanamtoka, uso hauna udhibiti wowote. Huyu ndiye aliyekuwa akiwapanga wenzake muda mfupi uliopita. Wanampandisha kwenye kigari wanamtoa, naye bado analia. Waliosema analia kwa maumivu au kwa kuvunjika moyo hawakuelewa walichokiona. Mtikisiko wa ubongo unaweza kumliza mtu bila yeye kuamua kulia. Panthers walishinda 23-20.

Na kichwa kile ndicho kilichokuwa kifaa chake cha kazi. Malainibeka wenye mbio walikuwepo, wenye nguvu pia. Kuechly alikuwa anasoma. Mpira haujaanza, yeye ameshaunyosha mkono, anawapigia kelele wenzake kwamba huyu atapita hapa, yule atakata pale, na mara nyingi ikawa hivyo. Ndiyo maana Desemba 2013 aliweza kuwaangusha Saints mara 24 katika mechi moja. Ndiyo maana pia, Panthers walipokuwa wakielekea Super Bowl 50, fainali ya ligi, waliyokuja kuipoteza kwa Denver 24-10, alinasa pasi na kuifungia kabisa dhidi ya Seattle, kisha akairudia dhidi ya Arizona.

"Lakini 2018 na 2019 hakuumia." Hili ndilo jibu ninalokutana nalo zaidi, na ni kweli kwamba hakukosa mechi hata moja. Katika misimu hiyo miwili aliwaangusha wapinzani mara 274. Katika maisha yake yote ya NFL, mara 1,092. Tumezoea kuisoma namba hiyo kama sifa, nami nimeisoma hivyo mara nyingi. Isome upya: ni hesabu ya kugongana na watu wanaokuja kwa kasi, na haihesabu vigogo wa kilo 140 aliopaswa kupambana nao kwanza ili amfikie mwenye mpira. Watafiti wa Boston wamesisitiza kwamba ubongo hauharibiwi na mitikisiko inayoandikwa na daktari peke yake, bali pia na mrundikano wa mapigo madogo ya miaka mingi. Kuechly mwenyewe, katika miaka ya mwisho, alicheza akiwa na kola maalumu shingoni iliyotengenezwa kwa nia ya kuulinda ubongo. Mtu havai kola ile akiwa hafikirii.

Junior Seau, lainibeka, alicheza misimu 20 na sote tulimsifu kwa kudumu. Mwaka 2012 alijitoa uhai akiwa na miaka 43, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Kuechly angefika huko. Ila ni haki kumruhusu mtu aone njia ilikoelekea kwa wengine na kushuka kituoni kwake.

Kwenye video ya kuaga alisema bado anataka kucheza, lakini haoni kama ni uamuzi sahihi. Tangu utotoni, alisema, anajua namna moja tu ya kuucheza mchezo huu, kwa kasi na kwa nguvu, na hakuwa tena na uhakika kwamba anaweza. Sauti ilikuwa inakwama. Safari hii alijua analilia nini.