Fukara apewe pesa au apiganiwe haki?

Juni 2025 Benki ya Dunia iliupandisha mstari wa ufukara kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku. Walio chini yake ni watu wapatao milioni 800, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Mkazi wa Nairobi anayehangaika na kodi ya nyumba akiisikia hesabu hiyo, husema hiyo ni kazi ya serikali na wafadhili. Sikubaliani naye.

Wapo wanaosema dawa ni pesa taslimu, na ushahidi wao umetoka hapa hapa Kenya. Kule Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, kwa njia ya simu, bila masharti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata majirani ambao hawakupewa kitu walinufaika, kwa sababu waliopewa walinunua dukani kwao na kuwapa kazi. Bei nazo hazikupanda ila kidogo mno. Na ile hofu kwamba maskini akipewa pesa atazinywa? Utafiti wa awali kule Rarieda haukuona ongezeko la matumizi ya pombe wala sigara. Ningependa hofu hiyo tuizike kabisa, maana imewanyima wengi msaada.

Lakini ukimtumia pesa mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, sehemu yake inaishia kwenye mtungi wa maji, ambayo kwa lita moja humgharimu zaidi kuliko anayefungua bomba katika mtaa wa wenye nacho. Choo pia analipia. Hapo ndipo wanaodai haki kwanza wana hoja nzito. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichozaliwa mwaka 1996 wakati wa ubomoaji wa vibanda, kiliwakusanya wakazi wakaweka akiba pamoja na kuhesabu wenyewe nyumba na vyoo vyao. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ikaitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Takwimu za wakazi ndizo zilizoibana kaunti. Udhaifu wa njia hii ni muda: miaka 20 ni mingi kwa mtoto anayelala njaa leo.

Mimi naegemea pesa kwanza, mradi zije kwa mpangilio. Sisi si wachoyo. Kundi la WhatsApp la mchango wa mazishi hujaa kwa siku mbili, na bili ya hospitali huchangiwa mpaka usiku. Shida ni kwamba tunatoa mtu akishaanguka. Chama cha watu kumi, kila mmoja akitenga shilingi 300 kwa mwezi, kinapata 3,000, zaidi ya zile 2,000 ambazo Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, humlipa kwa mwezi mzee wa miaka 70 na kuendelea. Kwa kaya isiyo na kipato, huo ni unga na nauli ya kliniki.

Chama hicho hicho kinaweza kumsaidia nyanya wa jirani kujiandikisha Inua Jamii, na malipo yakichelewa kimuulize mbunge. Katiba ya 2010 inampa mwananchi nafasi ya kushirikishwa katika bajeti. Vikao vya kaunti vinapoitishwa, watu wawili wa chama waende na swali moja: bomba la Mukuru limetengewa kiasi gani mwaka huu?