Hewa ya Dola

Jamani, hewa! Hii hii aliyotupa Mungu bure, ambayo hata mdaiwa sugu anaivuta bila risiti, ukifika Nungwi, kule Zanzibar, ukasema unataka kuzamia kisiwani Mnemba unauziwa kwa dola. Toa kitambulisho cha NIDA uombe bei ya mwenyeji, uone dada wa mapokezi anavyokigeuzageuza kama noti ya bandia. Haya, tumelipa. Kulipa tumezoea.

Tangazo limejaa kasa na pomboo. Kasa hana mkataba na mtu, akitaka kwenda zake anakwenda. Ulichonunua wewe ni mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka baa 200 (kipimo cha mgandamizo, si zile za bia). Hizo ni lita 2,400 za hewa. Baa 50 huzigusi, ni akiba ya kurudi nazo. Zinabaki lita 1,800. Mtu aliyetulia anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 20 chini mgandamizo ni mara tatu, kwa hiyo anakula lita 60. Dakika 30, basi. Sasa funga kwenye mtungi geji, ile saa ya kupimia mgandamizo, inasoma 160. Dakika 22! Nane zimekwenda wapi? Na sisi tuliozoea kunyanyua na kutikisa mitungi ya gesi dukani tulidhani baharini kuna ustaarabu.

"Bosi, geji hiyo inasoma chini kidogo," anasema kijana wa boti.

Kumbe mkosa ni geji. Sawa. Mara shingoni mwa mtungi: pssssss.

"Na huo mlio?"

"Kawaida, bosi. Ukiingia majini unaacha."

Yaani maji ndiyo fundi!

Mlio huo ni oringi, kile kipete cha mpira kinachokaa mdomoni mwa valvu. Kikikauka au kuchanika, hewa inapita pembeni. Kukibadilisha hakuhitaji shahada: funga valvu, bonyeza kitufe cha rigileta (kile chombo kinachokuletea hewa mdomoni kutoka mtungini) mpaka hewa yote itoke, ivue, chokonoa kipete kwa kijiti kisicho na ncha kali usije ukakwaruza pale kinapokaa, weka kipya, rudisha, fungua, sikiliza. Dakika mbili. Ila uwe nacho hicho kipya, na boti nzima hakuna. Basi kijana anakwenda kukichomoa kwenye mtungi wa Mjerumani. Mjerumani akifungua wake, pssssss. Kinachomolewa cha mama wa Arusha. Mama wa Arusha si mtu wa kuchomolewa kitu akanyamaza. Kipete kimoja kinazunguka boti kama zamu ya upatu, mpaka mtu anagundua kwamba kile kilichoshika funguo za nahodha nacho ni oringi.

Mtungi umenyamaza. Vuta pumzi nne huku unatazama geji. Mshale ukishuka kila unapovuta na kupanda unapoacha, valvu haijafunguka sawasawa; kuna mtu ameifungua kisha akairudisha nyuma. Juu hapa utavuta bila shida. Mita 20 chini upenyo ule haukutoshi, na huko huna wa kumwita. Fungua mpaka mwisho.

Halafu inuse hewa yenyewe. Ina moshi wa jenereta? Umeme ulikatika usiku, si unajua, jenereta ikawashwa kando ya kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, na bomba la kuvutia hewa likafyonza moshi. Monoksidi ya kaboni yenyewe haina harufu, lakini inasafiri na moshi, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi makali. Mtungi kama huo unarudishwa, haubembelezwi. Bomba linatakiwa lipandishwe juu, upande upepo unakotoka. Bomba tu! Boti ina spika mbili kubwa za muziki, bomba hawana! Samahani, nilianza kwa heshima.

Viatu vya mpira viwili, vyote vya kushoto. Mkanda wa vipande vya risasi (ya uzito, si ya bunduki) kilo 10 kwa mtu mwembamba mwenye suti nyembamba ya kuzamia, eti "asihangaike kuzama". Kupanda ni mita 9 kwa dakika, na mita 5 unasimama dakika 3, lakini kiongozi wenu amekumbuka chakula cha mchana, anapanda kama kizibo.

Na dada wa mapokezi, anayejua fika una ndege jioni, amekuuzia mbizi mbili za asubuhi. Ukizamia zaidi ya mara moja, usipande ndege mpaka zipite saa 18. Basi ulale usiku mwingine, kwa dola tena, au ukapande boti ya Dar. Boti haina neno, haipai angani. Ila kusi likivuma wanapita wakigawa vile vifuko vya kutapikia. Nani alivipima vifuko vile? Mtu mzima, ametoka kula biriani, unampa kifuko cha karanga?