Pwani wanasema: wangapi?

Juzi baada ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani Mji wa Kale, kikombe cha kahawa tungu mkononi, redio ya jirani ikatangaza kwamba "wakazi wa Pwani wanasema" hili na lile kuhusu gharama ya maisha. Ami mmoja aliyekuwa akitafuna kashata akanigeukia, kwa vile aijua kazi yangu. "Mwanangu, wewe umeulizwa?" Nikamwambia sijaulizwa. "Mie pia sijaulizwa. Sasa hao Pwani ni kina nani?"

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nimezunguka na hojaji tangu zikiwa za karatasi hadi sasa ziko kwenye tableti, Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu. Kwa hiyo swali la ami lilinichoma, maana jibu lake nalijua.

Tafiti nyingi za maoni za nchi nzima huhoji watu kama 1,500. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa ni kama asilimia 2.5 juu au chini. Kwa Kenya nzima, hapo hapana ubaya. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kaunti ya Mombasa watu 1,208,333. Ukizigawa zile nafasi 1,500 kwa kadiri ya idadi ya watu, Mombasa inapata 38. Watu 38, maeneobunge sita! Kiwango cha makosa hapo ni karibu asilimia 16. Nikikwambia nusu ya Mombasa inaunga mkono jambo fulani, ukweli waweza kuwa theluthi moja, au theluthi mbili.

Wenzangu wa fani hupenda kusema kwamba huna haja ya kumaliza sufuria ili kujua chumvi. Ni kweli kwa pilau. Kenya lakini ni biriani: wali mbali, masala mbali, na ukichota upande mmoja tu hujaonja biriani.

Hapa ndipo ninapokitaka chama. (Nikisema nyumbani naenda mkutano wa chama, huulizwa zamu ya kupokea pesa ni ya nani. Nazungumzia chama cha wataalamu.) Marekani wana AAPOR, chama cha watafiti wa maoni ya umma, na ulimwengu una WAPOR, cha aina hiyo hiyo, vyote vilivyoanzishwa 1947 katika mji wa Williamstown huko Marekani, na hapa Kenya tunacho MSRA, kinachowakusanya watafiti wa soko na jamii. Mwaka mmoja tu baada ya kuanzishwa AAPOR, watafiti wa kura za maoni wa Marekani walitangaza kwamba Dewey angemshinda Rais Truman katika uchaguzi; Truman akashinda, nao wakaaibika mchana kweupe. Kabla ya hapo, mwaka 1936, jarida la Literary Digest lilikuwa limekusanya majibu zaidi ya milioni mbili na bado likatabiri kwamba Rais Roosevelt angeshindwa uchaguzi, naye akashinda. Wingi haukulisaidia, kwa kuwa orodha zake zilijaa wenye simu na magari, na waliojibu ndio waliotaka wenyewe kujibu.

Ninachokiheshimu kwa AAPOR si makongamano. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2020 walikaa wakachunguza kazi ya fani yao wenyewe, na ripoti ikasema waziwazi kwamba makosa ya kura za maoni za kitaifa yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote katika miaka 40. Tena kanuni zao zinamtaka mtafiti aeleze nani alilipia kazi, watu walichaguliwaje, walikuwa wangapi, na waliulizwa kwa maneno gani.

Sisi tuna sheria ya 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Inataka mfadhili, ukubwa wa sampuli, kiwango cha makosa na maswali vitajwe, na inapiga marufuku kuchapisha matokeo siku tano za mwisho kabla ya kura. Vizuri. Lakini hiyo ni ya uchaguzi. Habari ya redio ile ilikuwa ya unga na nauli, na hapo kinachobaki ni maadili ya mtafiti. Ombi langu kwa chama ni dogo: mwanachama asitoe matokeo ya "Pwani" au "Mombasa" bila kuandika kando yake idadi ya waliohojiwa hapo hapo. Wakiwa 38, iandikwe 38.

Na maneno ya maswali yachapishwe, hasa ya Kiswahili. Hojaji nyingi huandikwa Nairobi kwa Kiingereza kisha zinatafsiriwa usiku wa kuamkia mafunzo. Siku moja huko Jomvu nilimsomea mzee wa Kirabai swali kama lilivyoandikwa: "Katika kaya yenu mko watu wangapi?" Akanitazama kwa huruma. "Kaya haikaliwi, mwanangu. Kaya yetu iko Rabai, na hata huko huingii na viatu." Kwake kaya ni msitu wa mizimu, zile kaya za Mijikenda ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Nikamuuliza wanaokula chungu kimoja ni wangapi. Akajibu papo hapo: tisa. Wahojaji wangapi huko nyuma waliandika chochote wakaendelea na safari, sijui nihesabuje.

Maana hilo nalo lipo. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitulipa kwa kila hojaji iliyokamilika. Utaratibu ulikuwa tuorodheshe watu wazima wa nyumba, kisha jedwali lituchagulie mmoja, na akiwa hayupo turudi. Nani arudi Nyali mara tatu, wakati askari wa geti hakukuruhusu hata mara ya kwanza? Kuna wenzangu waliojijazia hojaji wenyewe chini ya mwembe. Siwasifu, ila nauli ilitoka mifukoni mwetu. Chama kingekuwa na meno hapo, ningelipa ada bila kukumbushwa.

Nilimweleza ami hesabu yote, na kwamba watu 38 kati ya milioni na ushei ni kama mmoja kwa kila watu 32,000. Akanyamaza, akamimina kahawa nyingine.

"Elfu thelathini na mbili," akasema. "Hiyo karibu wadi nzima. Na wala hakupigiwa kura."