Dhamira ni umaskini, lakini umeiona wapi?

Novemba ikikaribia, na mtihani wa Kidato cha Nne nao, vituo vya tuisheni hapa Moshi hujaa madesa ya fasihi: kurasa chache za fotokopi zenye dhamira (yaani mawazo makuu ya kazi), migogoro, ujumbe na falsafa, kisha wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Mwanafunzi anazimeza zote huku riwaya yenyewe hajaifungua. Walimu tumegawanyika. Wengine wanasema madesa yanaua usomaji, wengine wanasema bila hayo mtoto anafeli.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Darasa ambalo wanafunzi watano wanagombania nakala moja ya kitabu huwezi kuliambia tu "nendeni mkasome". Tena istilahi si mapambo. Aliyeulizwa muundo, yaani mpangilio wa matukio, akaeleza usimulizi wa nafsi ya tatu, ambao ni mtindo, anapoteza alama hata kama hadithi ameielewa vizuri kabisa.

Lakini juzi niliwapa wanafunzi wangu kifungu kifupi nilichokitunga mwenyewe: "Mama Neema alihesabu noti zake mara ya tatu, akazifunga kwenye pembe ya khanga. 'Kutoka hapa Mbuyuni mpaka Pasua tutatembea,' alimwambia mwanawe, 'jua lenyewe limeshapoa.'"

Karibu wote waliandika: dhamira ni umaskini. Nikauliza, umeuona kwenye neno gani? Kimya. Baadaye binti mmoja akasema, "Mwalimu, mwenye hela hahesabu mara tatu." Kijana mwingine akapinga: huenda mama ni bahili, mbona noti anazo? Ikabidi warudi kwenye maandishi. Wakaligundua lile jua. Mama hakusema hana nauli, alitafuta sababu ambayo mtoto ataipokea bila kuumia. Yule kijana hakukubali. Alisema hata bahili hutafuta visingizio. Wakabishana hadi kipindi kikaisha. Hapo walikuwa wanamchambua mhusika, tena kwa ushahidi, na hakuna desa lililowasaidia.

Kwenye maswali ya ufahamu tatizo ni hilohilo, na huko madesa hayafui dafu kwa sababu habari huwa ngeni. Swali hutaka maana ya neno kama lilivyotumika. Mmoja aliniandikia kwamba pembe ni kitu kigumu kinachoota kichwani mwa mnyama. Kamusini yuko sahihi, ila khanga ya Mama Neema haina kichwa. Ufupisho nao unamtaka mtu aliyeona wazo kuu na anayeweza kulisema kwa maneno yake, ndani ya idadi aliyopewa.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaotaka maandishi yatangulie, ingawa orodha siitupi. Binti yule alipokwisha kuonyesha ushahidi wake, neno "dhamira" nilimtajia kwa dakika moja tu, akalielewa. Gharama ipo, siwezi kuificha: kipindi kizima cha dakika 40 kiliishia kwenye sentensi mbili. Riwaya nzima hatuwezi kuisoma hivyo kabla ya mtihani. Ninachofanya sasa ni kuchagua matukio matatu au manne katika kila kitabu, yale yaliyobeba mgogoro mkuu, na kuyasoma kwa sauti darasani kutoka kwenye nakala ileile moja. Kila anayetaja dhamira anasimama na kutusomea mstari alikoiona.