Nimekunywa Dawa Masaki

Kosa langu lilikuwa moja tu, kupokea simu.

Ijumaa, mshahara una siku mbili tangu uingie, bado unapumua. Dogo mmoja wa kitengo cha kompyuta pale ofisini anatimiza miaka thelathini, akatangaza kwamba wote tunahamia Masaki, kuna gastropabu. Neno linaloanza na gastro mimi niliwahi kuliona mara moja, kwenye cheti cha hospitali, nikaandikiwa na kuacha pilipili. Dogo akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba ni baa yenye chakula kizuri, na kwamba jina lilianzia London mwaka 1991, kwenye baa inayoitwa The Eagle.

Yaani Mwingereza amekunywa bia miaka yote hiyo, mwaka 1991 ndiyo akashtuka kwamba mlevi naye ana tumbo! Mimi nimekulia Sinza. Sinza baa ina jiko la mishikaki mlangoni, kitimoto kwa nyuma, na alfajiri yupo mama wa supu anawapokea waliolala pale pale. Tungejua kwamba ile ni gastropabu tungepandisha bei mapema.

Tukafika. Giza. Giza la umeme kukatika nimelizoea, lakini hili lilikuwa la kulipia. Kiti kirefu, unakipanda kama unakwenda kuezeka bati, halafu unabaki miguu inaning'inia, mtu mzima mwenye watoto watatu. Menyu hakuna. Mezani kuna kiraba chenye vidoti, eti uskani. Bando langu lilikuwa la WhatsApp peke yake, kwa hiyo nikaanza kumwomba mwenye sherehe anirushie intaneti ili nisome bei ya chipsi. Nazo bei zimeandikwa nusunusu: 16, 22, 25. Nikafurahi. Nikamuuliza mhudumu, "Dada, hii ishirini na tano ni nini?"

"Elfu, bosi."

Mishikaki ikaja juu ya kibao. Kibao kile kile ambacho mama yangu anakatia vitunguu, na angekukuta unakilia ungekula makofi. Mijiti miwili, nyama tatu kila mmoja, pembeni kachumbari ya kupima kwa kijiko cha chai, na mchoro wa ukwaju uliopakwa kama mtu alikuwa anajaribu kalamu. Nikangoja, nikijua hicho ni cha kuonja. Ndicho chenyewe.

Nikaagiza bia. Wakagoma, leo ni kokteli tu! Dada wa uhasibu akaletewa jini na toniki, na dogo, ambaye hawezi kuona glasi bila kuitolea mhadhara, akasema toniki ina kwinini. Waingereza kule India waliitumia kwa ajili ya malaria, uchungu ukawashinda, wakaichanganya na jini. Sikumjibu. Mimi kwinini nimeinywa nikiwa darasa la tatu, masikio yakavuma kama kuna nyuki ndani, na hakuna mtu aliyefikiria kunipa jini.

Nikapitisha kidole kwenye orodha nikitafuta angalau neno moja la Kiswahili. Nikalipata: Dawa. Vodka, ndimu, asali, barafu, na kijiti cha kukorogea. Hii asili yake ni Nairobi, na wenzetu wale ukiwaachia ndimu na asali watakuuzia. Bibi yangu alikuwa ananipa hiyo bure kila nikikohoa, ukitoa vodka. Lakini niwe mkweli, inashuka. Inashuka vizuri kabisa. Bibi alikuwa amekosa kitu kimoja tu.

Niko kwenye ya pili, Mama Zawadi akapiga. Didijei ndiyo kwanza amefungulia amapiano, besi inagonga hadi kwenye jino lililozibwa.

"Baba Zawadi, uko wapi mpaka saa hizi?"

Mke wangu simdanganyi. "Nakunywa dawa!"

"Unafanyaje?"

"Nakunywa dawa! Hii ya pili!"

Akauliza kitu. Leo najua kwamba aliuliza naumwa na nini. Pale nilisikia niko na nani.

"Na wenzangu wote wa ofisini!"

Simu ikakatika.

Ya bili niyapitie haraka maana bado yanauma. Dawa tatu, sabini na tano elfu. Mishikaki, thelathini na mbili elfu. Risiti ya mashine ya TRA nikaidai kwa hasira, nikaiweka mfukoni, nikapanda teksi ya mtandaoni na vijana wawili tuchangie nauli hadi Mbagala. Tunamaliza Daraja la Tanzanite, simu tena.

"Mmefika wapi?"

"Ndiyo tunashuka darajani, hapa Aga Khan."

Kimya. Halafu, kwa sauti ndogo: "Aga Khan? Baba Zawadi, nani analipa?"

"Tumechangishana."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nikasema moyoni, mke wangu siku hizi amekuwa mwelewa.

Asubuhi nikaamshwa na harufu ya uji. Kichwa kinapasuka, macho mekundu, sauti imekwenda kwa kupiga kelele usiku kucha. Ukinitazama, mgonjwa halisi. Nikajiburuta sebuleni nitafute maji, nikakuta viti vimejaa. Mjumbe amevaa koti. Mama Semeni wa jirani yuko na mfuko wa machungwa, anawaeleza wenzake kwamba tatizo ni viyoyozi vya maofisini, ndiyo maana wameanguka wote kwa pamoja. Mama mkwe yuko hewani kutoka Korogwe, amewekwa spika, anauliza kama nimeshakula.

"Shikamoo mama," nikakoroma.

"Marahaba baba. Hee! Sauti imebaki hivyo?"

Ningesema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa niseme. Lakini Mama Zawadi alikuwa ananipepea na upande wa kanga, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka wa harusi, nikaona nimalizie kwanza uji.

Hapo ndipo akainuka katibu wa kikoba cha mke wangu, mwanamke wa hesabu kali, daftari kwapani. Akasema wamekaa asubuhi hii, mfuko wa jamii umeniidhinishia elfu hamsini za matibabu. Ila utaratibu ni utaratibu, anaomba risiti ya dawa.

Mama Zawadi alikuwa tayari ameshika suruali yangu ya jana. Nikawahi, nikaichomoa mwenyewe, nikaikunja pale juu penye jina la mahali, nikamkabidhi.

Katibu akavaa miwani. Akasoma taratibu, midomo inacheza. "Dawa, tatu. Sabini na tano elfu. Jamani, pole shemeji, dawa zimepanda." Akaandika. Kidole kikashuka mstari wa chini, kikasimama.

"Na hii mishikaki?"

Sebule nzima ikanigeukia. Hata Korogwe kukanyamaza.

"Zile dawa," nikasema, "hazinywewi tumbo tupu."