Safu ya ulinzi kichwani kwangu

Mimi si shabiki wa Tottenham, ile timu ya mpira ya London. Naomba hilo lieleweke mapema, maana tangu asubuhi watu wa hapa Katuba, Lubumbashi, wananipa pole kama mfiwa. Mimi ni wa Mazembe, baba yangu alikuwa wa Mazembe, na mbwa wetu akisikia mtu anataja Lupopo, wapinzani wetu wa mji huuhuu, anabweka. Mambo ya London hayanihusu. Kichwa changu ndicho kilichohusishwa, bila kuulizwa.

Leo Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa sita 2025, tulikuwa tunapeleka mahari ya mtoto wa dada yangu kule Bel-Air, saa nane kamili. Mjomba ni mimi, kwa hiyo msemaji ni mimi. Maneno nilikuwa nayo tangu Jumatano. Koti nilikuwa nalo (la shemeji, lakini liliingia). Umeme nao ulikuwepo, na sisi tunajuana na umeme: ukiuona, huulizi umetoka wapi, unakimbia. Mama watoto akakimbilia pasi, mimi nikakimbilia kwa kinyozi.

Njiani kijana wa ligablo, kibanda cha duka, ananipigia kelele: "Yaya! Umesikia? Bamemufukuza!"

Nikashika kifua. Nilidhani ni ndugu yangu aliyeko mgodini, ambaye ndiye aliyetoa nusu ya mahari. "Nani?"

"Postecoglou!"

Mtu mzima nimesimama katikati ya barabara, moyo unanidunda kwa ajili ya Mwaustralia, kocha wa Tottenham.

Sasa, kinyozi wangu ni fundi, simnyimi haki yake. Ugonjwa wake ni Tottenham. Katika mji huu mtu anaweza kuwa wa Real, wa Barça, wa Chelsea, na asiulizwe. Yeye alikwenda kuchagua Tottenham mwenyewe, akili zake timamu. Nilimkuta macho mekundu. Kwenye benchi alikuwa ameketi Papa mmoja mstaafu wa reli, na Lupopo ni timu ya watu wa reli, kwa hiyo hapa nyumbani ni Lupopo na Ulaya ni Arsenal, mtu aliyefundishwa kungoja na pande zote mbili. Pembeni yake kijana wa Manchester United, kimya, simu mkononi.

Nikaketi. Shuka likafungwa shingoni. Mashine ikawashwa.

"Muzee," kinyozi anamwambia Papa, si mimi, "tarehe 21 mwezi wa tano, Bilbao, ametupa kombe la Europa League, mbele ya United. Moja bila." Kijana wa United akainama zaidi. "Siku 16 tu, bamemufukuza! Siku 16! Hata mwenye nyumba anakupa mwezi."

"Nafasi ya 17 kwenye ligi," Papa akajibu.

"Kombe, Muzee."

"Mechi 38, amepigwa 22. Chini yake walibaki wale watatu wa kushuka daraja. Baba akileta nyama siku moja, na siku 22 watoto wanalala njaa, utamwita baba?"

"Sisi tulikula nyama mara ya mwisho 2008! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana ndevu, ni mimi ninamunyoa!"

Nikakohoa. Kikohozi cha heshima, cha msemaji wa familia. Nikasema, "Ndugu zangu, saa nane niko kwa wakwe." Papa akaniangalia kama mtu aliyeingilia misa.

Hapo Papa akatoa neno ambalo hakupaswa kulitoa. Alisema shida ni walinzi, kwamba yule kocha alikuwa anawapandisha mno.

"Ngoja nikuonyeshe," kinyozi akasema. Nilidhani atachukua kopo la mafuta. Atapanga vitana mezani. Mtu mwenye akili angetumia vitana.

"Yaya, tulia kiloko." Akanigusa kisogo. "Hapa ni goli. Bakocha bengine banaweka walinzi hapa karibu." Kisha mashine ikapanda utosini. "Yeye anabaweka HAPA." Vrrrr, kutoka sikio hadi sikio.

Mnajua baridi ya mwezi wa sita ya hapa Lubumbashi. Mimi leo niliisikia kwa mstari, upana wa vidole viwili.

"Siku ya Chelsea, mwezi wa 11 mwaka 2023, kadi nyekundu mbili, amebaki na watu tisa. Safu iko wapi?"

"Itakuwa imerudi nyuma," Papa akasema.

"Paka hapa, hapahapa tu!" Vrrrr, akarudia palepale.

"Na yule Jackson wa Chelsea, mabao yake matatu yalipita wapi?"

Papa, Mungu anakuona. Nilisema "hapana", nilisema kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. "Moja hapa," kutoka utosini hadi kisogoni. "Ya pili hapa. Ya tatu, mlango wazi, huku." Nne moja. Mabao yote ya Chelsea yanaonekana nyuma ya kichwa changu isipokuwa la penalti.

Kijana wa United akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na alisema hata wakibaki watano watashambulia tu."

"Mimi nitabaki na nywele tano!" nilipiga kelele. "Nitasema nini kwa wakwe? Nitasema nini?"

Umeme ukaenda.

Jenereta haina mafuta. Wembe? Mpya hana, akatoka kuununua kwenye ligablo, hatua kumi. Mimi namwona kupitia mlangoni, nimefungwa shuka kama mtoto wa kubatizwa. Wembe ameshaupata, anao mkononi, anautikisa hewani, kwa sababu yule kijana wa ligablo amemkumbusha kuwa klabu hiyohiyo mwaka 2021 ilimfukuza kocha Mourinho siku sita kabla ya fainali. Dakika ishirini. Nikainuka nikaondoka. Akanikimbilia anidai pesa yote. Nililipa! Ndiyo, nililipa, msiniulize, nilikuwa nimechelewa.

Papa wa reli, ambaye ndiye aliyeanzisha, akanionea huruma akanivulia kofia yake. Ya joto, nzuri. Ya njano na buluu.

Lupopo. Mimi. Nimepanda taksi hadi Bel-Air na kofia ya Lupopo, nimekaa dirishani, na aliyenitambua alinitambua.

Kwa wakwe nikasema nina ubaridi wa kichwa, siwezi kuivua. Mzee wa nyumba akaitazama kofia, akasimama, akanikumbatia. "Mwenzetu!" Kumbe nyumba nzima ni Lupopo. Hotuba yangu ya tangu Jumatano hakuna aliyeisikiliza, ilibidi niimbe. Dada yangu, binti wa baba yangu wa Mazembe, alikuwa anatazama sakafu. Dola wakazihesabu juani moja moja, moja wakairudisha kwa sababu ya mchaniko ambao hata siafu asingepitisha mguu, lakini mbuzi mmoja walitusamehe. Dada anasema mbuzi harudishi jina la familia. Harusi ni mwezi wa nane na nimeshapangiwa meza, katikati ya wale wazee.

Sasa ni saa sita usiku, umeme umerudi, na mtaa mzima umeamka kama ni mchana. Simu ya kwanza kuingia ni ya kinyozi. "Yaya, njoo nimalize. Banasema anakuja yule kocha wa Brentford, huyu walinzi wake…"

Nimeizima. Mama watoto anapiga pasi kila kitu kilichomo nyumbani, amefika kwenye soksi, na kila akinipita anasema ile ya tatu imekwenda kombo, kwamba yule kipa angeidaka.